Kuchora Ukingo

Kazi yangu ni kuzungushia mstari.
Tartu ikiwa bado giza, saa mbili asubuhi,
nawasha kioo, nafungua tumbo la mtu nisiyemjua
na kushuka ndani yake tabaka kwa tabaka:
ini, wengu, figo la kulia,
na juu ya figo, kama kofia iliyovaliwa upande,
tezi nyepesi kuliko sarafu.

Humo ndimo hofu hupikwa.
Mlango ukibamizwa usiku, humo ndimo inamotoka amri
ya moyo kwenda mbio.
Na humo, bila hodi, huota kivimbe.
Wengi hawakukitafuta. Walikuja na jiwe la figo,
au waliteleza kwenye barafu wakavunja ubavu,
skani ikajibu lisiloulizwa.

Kikulacho ki nguoni mwako, sawa.
Hiki ki chini ya nguo, chini ya ngozi, nyuma ya utumbo,
na hatujui kama kinakula
au kimekaa tu, mpangaji mpole asiyedaiwa kodi.
Kwa hiyo nachora.
Kwa kipanya, nukta kwa nukta,
mgonjwa wa kwanza, wa arobaini, wa mia mbili na kumi na saba,
majina yamefutwa, imebaki miaka ya kuzaliwa,
ili kompyuta ijifunze kutenga
kijivu na kijivu.

Mama alikuwa mshonaji. Alikuwa akiniambia:
mkono ukitetemeka kwenye chaki
koti litatetemeka mabegani.

Mwezi wa nne mashine ilipata tisini na sita kwa mia.
Daktari Rebane alinunua keki.
Ndipo Oskar, yule kijana wa hesabu asiyependa sukari,
akaiuliza mashine: unatazama wapi?
Ikapaka nyekundu pale jicho lake linapotua.
Si kwenye kivimbe.
Kwenye kitanda.

Wenye saratani waliletwa kutoka hospitali ya kusini
yenye skana kuukuu, kitanda kimebonyea kama kijiko.
Wetu, wenye vivimbe visivyo na neno,
walilala kwenye kitanda kipya, bapa.
Mistari yangu yote ile, miezi saba ya mgongo kuuma,
na mwanafunzi wetu alikuwa amekariri fanicha.

Keki ilikuwa haijaisha. Hakuna aliyeigusa tena.

Tulikata vitanda vyote. Tukaanza upya.
Sasa ni sabini na nane, na hiyo sabini na nane
naiamini kama ninavyomwamini mtu
aliyewahi kuniambia, sijui.

Jana mzee mmoja alikosea mlango.
Endel Kuusik, fundi wa kulinganisha sauti za piano,
alikuwa akitafuta glovu aliyoisahau.
Akaona kioo changu, akasimama.
Nami ninacho, alisema. Cha kushoto. Sentimita mbili na nusu.
Tangu waniambie, nausikia moyo usiku
kama uzi mmoja uliolegea katikati ya wimbo.
Hebu niambie, kibaya kinafananaje?

Mimi si daktari. Huenda nilishamchora,
huenda yumo humu, namba bila jina, nami sijui.
Nikamwambia kile ambacho wote hapa tunakitamani
kila picha inapofunguka:
mzee, omba kiwe na mafuta.
Chenye mafuta mengi huwa cheusi na mara nyingi ni chema,
na dawa ya rangi tukiitia, huitema upesi,
hakina la kuficha.

Alicheka hadi akashika ukuta.
Miaka thelathini, alisema, Helju ananinyima siagi!

Glovu ilikuwa mfukoni mwake muda wote.
Aliivaa polepole, kidole kwa kidole,
akaniuliza njia ya kutokea,
nikamwonyesha.
Kwenye kioo mstari ulikuwa umebakiza nukta tatu kufunga.
Nilinawa mikono kwanza, sijui kwa nini.
Kisha nikaziweka.